Sura ya 4: Nani Huyu Aliyehamia Jirani? Familia ya Wamisionari Katika Mitaa ya Buyenzi

Swali ambalo wakazi wa mjini huuliza kila familia ya wamisionari inapohamia mtaani kwao halihusu dini hata kidogo: watu hawa wanafanya kazi gani? Baba haonekani akienda ofisini, hana duka wala gereji, mama anapapasa bei za ndagala sokoni kama bibi harusi wa juzi, watoto wanasomea nyumbani au wanapelekwa shule ya mbali, na bado kodi ya nyumba inalipwa kila mwezi. Katika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako kila mtu hujulikana kwa ufundi wake, kwa bidhaa anayouza au kwa ukoo aliotoka, mtu asiye na kazi inayoonekana huzua minong'ono upesi, na maelezo yanayotungwa na majirani, kuanzia ujasusi hadi biashara ya madini, mara nyingi huingia akilini kuliko jibu analolitoa mwenyewe.

Mmisionari, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni mtu aliyetumwa na kanisa au shirika la dini kwenda kuishi mbali na kwao ili aieneze imani yake au aitumikie jamii kwa jina la imani hiyo. Neno misheni hutumika kwa kazi hiyo na vilevile kwa mahali inapofanyikia. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya familia ya namna hiyo haifanyiki mimbarini, bali jikoni, kwenye bomba la maji, mlangoni na katika daftari la mtoto, na kwamba Buyenzi, kuliko vilima vya Burundi walivyovizoea wamisionari wa zamani, huianika kazi hiyo hadharani.

Buyenzi ni mahali pa namna gani?

Kwanza jina lisimchanganye msomaji, kwa kuwa Buyenzi ni pia jina la eneo la kaskazini mwa Burundi, upande wa Ngozi na Kayanza, linalosifika kwa kahawa. Buyenzi inayozungumzwa hapa ni mtaa wa Bujumbura ulio karibu na mto Ntahangwa, wenye njia za ndani zinazoitwa kwa namba, nyumba zilizobanana, mafundi wa magari na wachomeleaji, na soko la Ruvumera, ambalo lilibeba mzigo mkubwa zaidi baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013. Wakazi wake wengi ni Waislamu, na lugha ya barabarani, sokoni na vibarazani ni Kiswahili.

Mtaa huu ulizaliwa na historia ya ziwa. Wafanyabiashara, wapagazi na askari waliotoka Ujiji, Tabora na Manyema walifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, wakakaa karibu na kambi ya Wajerumani ya Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, na Wabelgiji walipoitawala nchi waliwaweka watu hawa, pamoja na wengine waliohamia mjini, katika makazi yaliyoitwa kituo cha nje ya mila, yaani eneo la Waafrika wa mjini lisilokuwa chini ya machifu wa jadi. Buyenzi na jirani yake Bwiza, iliyokuwa ikiitwa Belge, zilikuwa makazi ya aina hiyo. Mkazi wa Buyenzi basi alihesabiwa kuwa Mswahili, neno ambalo nchini Burundi lilibeba maana ya mtu wa mjini, Mwislamu na mjanja wa biashara, wakati mwingine kwa sifa na wakati mwingine kwa kejeli.

Nyumba mbili zilizotangulia

Msomaji anayedhani kwamba mke na watoto wa mmisionari walikuwa mzigo uliofuata nyuma ya kazi yenyewe atafanya vyema kuangalia mifano miwili kutoka katika dunia ya Kiswahili. Wa kwanza ni wa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Kiingereza la CMS (Church Missionary Society), ambaye alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mnamo Julai mwaka huohuo Rosine alifariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata siku chache baadaye. Kazi ya Krapf ya kukifanyia Kiswahili kamusi na sarufi, ambayo wanafunzi wa lugha huitaja mpaka leo, ilianzia katika nyumba iliyokwisha kuwa na makaburi mawili kabla mwaka haujaisha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Buyenzi, kwa sababu ni wa Ziwa Tanganyika lenyewe. Edward Coode Hore, nahodha aliyetumwa na Shirika la Misheni la London, alikuwa Ujiji tangu mwaka 1878, na baadaye alimleta mkewe Annie na mtoto wao mdogo Jack. Mwaka 1884 Annie alisafirishwa kutoka pwani kwa takribani miezi 3 akiwa ameketi katika kiti cha kubebea wagonjwa, kilichochukuliwa na wapagazi kwa zamu, na mwaka 1886 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Familia iliishi katika kisiwa cha Kavala, upande wa ziwa ambao leo ni wa Kongo, na wakati mume alipokuwa akishughulika na mashua na meli ya misheni, mke alikuwa na shule ya watoto nyumbani.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Historia humtaja nahodha, meli na ramani aliyoichora, lakini jirani wa Kavala aliyetaka kujua wageni hawa ni watu gani hakuisoma ramani. Alimtazama mtoto akicheza, akaona mama anavyomkemea na anavyomlaza, na kutokana na hayo akaamua kama ni watu wa kuaminika. Jack alifariki akiwa bado mtoto, na hakuna hesabu ya mafanikio ya misheni inayoweza kuandikwa kwa uaminifu bila kuliweka jambo hilo ndani yake.

Kilima na mtaa

Katika Burundi yenyewe wamisionari wa kwanza hawakuwa na familia. Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walifika Rumonge mwaka 1879, na Mei 1881 wawili kati yao pamoja na msaidizi wao mlei waliuawa. Familia zilianza kuonekana kwa wingi katika miaka ya 1930, kupitia misheni za Kiprotestanti: Waquaker walianza Kibimba mwaka 1934 wakiongozwa na Arthur Chilson, mkewe Edna na binti yao Rachel, ambao hawakuwa wageni wa Afrika Mashariki kwa kuwa Chilson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa misheni ya Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, Wamethodisti Huru walikuja mwaka 1935, na mwaka huohuo Waanglikana wakafungua Matana. Kati ya waanzilishi wa Matana alikuwemo Kosiya Shalita, Mwafrika aliyekulia Uganda, jambo linalofaa kukumbukwa kila mara neno mmisionari linapochorwa kichwani kwa ngozi nyeupe.

Misheni hizi zote zilikuwa na umbo moja: stesheni, yaani kiwanja kikubwa juu ya kilima chenye kanisa, shule, zahanati au hospitali, na nyumba za wamisionari zilizozungukwa na miti ya mikalitusi. Watu walipanda kwenda kwao. Familia ilikuwa na uzio, bustani, na saa za kuonana na wageni, na mume aliweza kusema kwa haki kwamba kazi iko kule chini shuleni na nyumba iko huku juu.

Buyenzi haina kilima. Zaidi ya hayo, imani iliyoota mizizi pale haikuletwa na stesheni wala mishahara, bali na mfanyabiashara aliyeoa, na mwalimu wa chuo aliyefundisha watoto wa jirani kusoma Kurani kibarazani, na tarika ya Qadiriyya, ambayo ni njia ya kiroho yenye masheikh na dhikiri zake, iliyopita kutoka mji hadi mji wa ziwa hili kupitia ndoa, misiba na undugu wa kufunga safari pamoja. Kwa mtazamo huo familia ya Kikristo inayohamia Buyenzi inaingia mahali ambapo njia ya kuenezea dini kwa kupitia nyumba ilikwisha kutumika na ilifaulu, na majirani wanaijua vizuri kuliko mgeni mwenyewe. Ni mtihani ambao wamisionari wengi hawaelezwi katika mafunzo yao.

Kwa ufupi: kilimani familia ilikaa nyuma ya kazi, lakini mtaani familia ndiyo inayoonekana kwanza.

Lugha ipi?

Mmisionari wa siku hizi anayekwenda Burundi kutoka Ulaya au Marekani kwa kawaida hupitia ngazi mbili za lugha. Ngazi ya kwanza ni Kifaransa, ambacho wengi hukisoma kwa miezi kadhaa huko Ufaransa kwa kuwa ndicho lugha ya hospitali, vyuo na ofisi. Ya pili ni Kirundi, lugha ya taifa zima, yenye toni, maana yake ni kwamba kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Baada ya miaka miwili ya jasho mgeni huyo anajiona amefika, kisha anahamia Buyenzi na kukuta watoto wanacheza, wanagombana na kutaniana kwa Kiswahili.

Kirundi na Kiswahili ni ndugu, na udugu huo una mitego yake. Kwa Kirundi *guteka* ni kupika, ilhali Mswahili akisikia kuteka hufikiria maji au majambazi. *Umuti* kwa Kirundi ni dawa, lakini mti kwa Kiswahili ni mti tu. Kosa la namna hii halimwaibishi mgeni kama anavyodhani. Ni afadhali mara mia kuliko Kifaransa safi, kwa kuwa Kifaransa humweka upande wa maofisa na wenye magari, wakati kosa la Kiswahili humpa jirani nafasi ya kuwa mwalimu. Katika ndoa nyingi za kimisionari anayetangulia kukijua Kiswahili ni mama, si kwa kipaji bali kwa sababu bei ya mchicha, ambao hapa huitwa lengalenga, haingoji mume amalize kuandaa mahubiri, na nyuma ya mama wako watoto, ambao huwashinda wazazi wote wawili bila kufungua kitabu.

Watoto huwapa wazazi kitu kingine pia, nacho ni jina. Buyenzi, kama ilivyo katika miji mingi ya Waswahili, mtu mzima mwenye mtoto haitwi kwa jina lake kavu. Mwanamke aliyekuja na shahada mbili na jina refu la ukoo huwa Mama Yona, ikiwa mwanawe wa kwanza ni Yona, na mumewe huwa Baba Yona. Tangu siku hiyo wana mahali pao katika mtaa, kwa sababu mtu mwenye jina kama hilo anaweza kuulizwa hali ya mtoto, kualikwa kwenye arobaini, na kugombezwa akimwacha Yona acheze karibu na mtaro. Familia changa isiyo na mtoto huchelewa kulipata jina hilo, na wengi wao huja kugundua kwamba swali la *mtapata lini?* si utovu wa adabu bali ni namna ya kuwatafutia jina.

Siku inavyokwenda

Siku ya Buyenzi huanza kabla ya jua, kwa adhana ya alfajiri. Katika wiki za mwanzo adhana humwamsha mtoto mchanga na mtoto huwaamsha wote. Baada ya miezi michache hakuna anayeshtuka tena, na mama wa nyumba huitumia kama saa. Chandarua hufungwa juu ya kitanda kwa sababu malaria haipumziki katika bonde la ziwa. Maji ya kunywa huchemshwa na kupozwa jioni ya jana yake, mkaa huwashwa katika jiko la udongo au la bati linaloitwa *imbabura*, na ikiwa umeme upo, nguo hupigwa pasi haraka kabla haujakatika.

Saa 2 asubuhi hodi ya kwanza imekwisha kusikika. Mmoja anataka ada ya shule, mwingine ameandikiwa dawa asizoweza kununua, wa tatu hana shida ila amekuja kusalimia, na huyo wa tatu ndiye anayepotezwa na mmisionari mwenye haraka, kwa kuwa anayepokelewa kama ombaomba hali yeye alikuja kama jirani harudi tena. Hakuna kanuni moja ya kujibu hodi hizi. Familia nyingine hutenga kiasi cha fedha kila mwezi na kikiisha kimeisha. Nyingine hupitisha maombi yote kwa wazee wa kanisa la mahali, njia inayopunguza uonevu lakini inayowapa wazee hao mamlaka wasiyoyaomba. Ipi ni bora, hilo bado linabishaniwa, na anayedai kuwa amelimaliza pengine hajakaa miaka mitatu.

Mchana ni kazi ile inayoandikwa katika ripoti: kufundisha chuoni, kutibu, kuwafunza vijana ufundi, kutafsiri, kuhudhuria vikao. Jioni kazi isiyoandikwa inarudi, na hapo ndipo familia hujifunza mambo ambayo hakuna aliyewaambia:

- Nyama ikinunuliwa kwa mchinjaji asiye Mwislamu, mgeni Mwislamu ataula wali na mchuzi atauacha, na hatasema kwa nini.
- Mbwa wa kulinda nyumba hufukuza wezi na majirani kwa pamoja, maana kwa Waislamu wengi wa hapa mate ya mbwa ni najisi na nguo iliyoguswa nayo haifai kwa sala mpaka ioshwe.
- Sahani ya futari inayoletwa jioni ya Ramadhani hairudishwi tupu.

Hilo la mwisho lahitaji maelezo kidogo. Sahani ikija na sambusa au uji wa ngano, hurudi siku nyingine na maandazi, maembe, au hata malimau matatu ya mti wa uani, na kinachopimwa si thamani ya kilichorudi bali muda uliopita kabla hakijarudi. Mmisionari anayerudisha papo hapo, tena kwa wingi, huonekana kama anayelipa deni ili asidaiwe, na anayerudisha sahani iliyooshwa ikang'aa lakini haina kitu amefunga mlango bila kujua. Kati ya hayo mawili kuna mwendo ambao mtoto wa Buyenzi huujua akiwa na miaka 6, naye hutumwa kuvuka njia na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akitembea taratibu asiumwage mchuzi.

Nani anawalipa?

Jibu la swali hili ni rahisi kulisema na gumu kusadikika. Wamisionari wengi wa Kiprotestanti hawalipwi mshahara kama mtumishi wa serikali anavyolipwa, bali kabla ya kuondoka huzunguka makanisa na nyumba za marafiki huko kwao wakiomba ahadi za mchango wa kila mwezi, na shirika linalowatuma haliwaruhusu kusafiri mpaka ahadi hizo zifikie kiasi kilichopangwa. Kila baada ya miaka michache hurudi kwa likizo ya nyumbani, ambayo licha ya jina lake ni mzunguko mwingine wa kutoa taarifa na kuomba tena. Mapadre na masista hutegemea mashirika yao ya kitawa. Wachungaji wanaovuka kutoka Uvira, Bukavu au Kigoma kuhudumu Bujumbura mara nyingi hawana cha kutegemea ila sadaka, kuku wachache na biashara ya mke, ingawa kazi yao ni ileile na hakuna awaitaye wamisionari.

Tofauti hii ya mwisho ndiyo inayouma. Mchungaji Mkongo mwenye watoto watano na familia ya kigeni yenye watoto wawili wanaweza kuhubiri katika kanisa moja Jumapili moja, mmoja akirudi nyumbani kwa miguu na mwingine kwa gari, na ni katika uhaba wa petroli wa miaka ya karibuni tu, magari mengi ya Bujumbura yaliposimama, ndipo wote wawili walipojikuta barabarani pamoja.

Shule ya watoto

Kizazi kilichopita kililitatua suala la shule kwa kuwatenga watoto na wazazi. Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906, ililea kwa miongo mingi watoto wa wamisionari walioletwa bweni kutoka pande nyingi za Afrika, na wapo waliotoka huko na elimu nzuri wakiwa wamewaona wazazi wao miezi michache tu kwa mwaka. Siku hizi familia changa nyingi hukataa njia hiyo, hivyo mama au baba hufundisha nyumbani asubuhi, au mtoto hupelekwa katika mojawapo ya shule za kimataifa za Bujumbura.

Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Useem, akichunguza Wamarekani walioishi India, aliwapa watoto wa namna hii jina la watoto wa utamaduni wa tatu, yaani waliokulia kati ya utamaduni wa wazazi na ule wa nchi walimoishi, wasiwe wa huku wala wa kule kikamilifu. Neno hilo limesaidia wengi, ila huko Buyenzi linapungukiwa, kwa kuwa mtoto wa Buyenzi asili mwenye babu wa Manyema, bibi Mrundi, madrasa ya Kiarabu na shule ya Kifaransa naye ana tamaduni nne, na hakuna mtaalamu aliyempa jina.

Pasipoti

Kuna jambo moja ambalo hakuna lugha, sahani wala jina la mtoto linaloweza kulifuta: pasipoti ya kigeni. Katika utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, kuanzia mwaka 1976 hadi alipopinduliwa Septemba 1987, mamia ya wamisionari wa kigeni walifukuzwa au walinyimwa kuongezewa vibali, kwa sababu serikali iliyaona makanisa kuwa nguvu inayoshindana nayo. Familia zilifunga masanduku kwa siku chache. Makanisa waliyoyaacha hayakufa, nayo yalilazimika kujiendesha kwa wachungaji na makatekista Warundi, hata wengine husema kwamba uongozi wa wenyeji uliharakishwa na mtu aliyekusudia kulidhoofisha kanisa.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Maandamano yalianza Aprili, tarehe 13 Mei likatangazwa jaribio la mapinduzi, na balozi mbalimbali zikawashauri raia wao waondoke. Familia nyingi za kigeni zikaondoka kwa ndege. Warundi waliokimbia, ambao hatimaye walizidi 400,000, walikwenda Tanzania, Rwanda, Kongo na Uganda, wengi wao kwa miguu au kwa mashua. Familia iliyobaki na iliyoondoka zote zilikuwa na sababu zake, na jirani wa Buyenzi hakumlaumu mzazi kwa kumwondoa mtoto kwenye risasi, kwa kuwa naye angemwondoa wake kama angekuwa na pa kwenda. Alichokitazama ni namna ya kuondoka: nani alipita kuaga nyumba hata nyumba na nani aliondoka usiku, nani alimlipa dada wa kazi mishahara ya miezi ijayo, nani aliacha funguo na kwa nani. Waliorudi baadaye waliyakuta hayo yote bado yanakumbukwa, kwa majina, pamoja na sahani ya nani ilibaki kabatini mwa nani.